Sokwe, Binadamu na Sura ya Mungu: Vinasaba Vinatueleza Nini, na Imani Inatufundisha Nini?



Ndugu wapendwa, barabara itokayo Kolandoto hupita Lalago, ikaelekea Mwanhuzi na Matala, na hatimaye kufika Oldeani, chini ya milima ya Ngorongoro. Huko Ngorongoro ndiko liliko Bonde la Olduvai, na ndiko iliko Laetoli, mahali ambapo wataalamu wa dunia nzima huenda kutafuta mwanzo wa binadamu. Kwa hiyo sisi waamini wa Lalago, Maswa, Meatu na Bariadi hatukai mbali na mjadala huu. Tunakaa jirani nao kabisa.

Mjadala huo huingia majumbani mwetu kupitia watoto. Kijana wa Kidato cha Kwanza hufundishwa katika somo la Historia juu ya mageuko ya binadamu, kisha Jumapili husikia kanisani kwamba Mungu alimwumba mtu kwa sura na mfano wake. Akimuuliza mzazi au katekista, mara nyingi hupewa jibu moja kati ya mawili: ama "Hayo ya shuleni ni uongo, yajibu kwenye mtihani tu," ama "Nyamaza, usihoji mambo ya Mungu." Jibu la kwanza linamfundisha kijana unafiki, na la pili linamfundisha kwamba imani inaogopa maswali. Wote wawili, mzazi na katekista, wana nia njema. Lakini kijana akifika chuo kikuu na kukutana na ushahidi wa sayansi, anaweza kudhani kwamba hana budi kuchagua kati ya akili yake na Ubatizo wake. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili kwa utaratibu.

Tulisahihishe swali kwanza

Watu wengi huuliza, "Je, ni kweli tulitokana na nyani?" Nyani tunamfahamu vizuri hapa kwetu, kwani ndiye anayevuna mahindi ambayo hakuyapanda. Hakuna mwanasayansi anayefundisha kwamba binadamu alizaliwa na nyani huyo, wala na sokwe tunayemwona leo. Sayansi inafundisha kwamba binadamu na sokwe mtu walikuwa na mababu wa pamoja, walioishi miaka ipatayo milioni 6 au 7 iliyopita, na kwamba koo hizo mbili ziliachana na kila moja ikashika njia yake. Ni kama watu wa ukoo walio na babu mmoja wa kale: hakuna anayesema kwamba binamu yako ndiye baba yako.

Sokwe mtu ndiye mnyama wa karibu zaidi nasi kwa maumbile, pamoja na ndugu yake bonobo aishiye Kongo. Nchini mwetu sokwe mtu wapo Gombe na Mahale mkoani Kigoma, na wengine walihamishiwa kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Viktoria kati ya mwaka 1966 na 1969. Ni huko Gombe ambako Jane Goodall, aliyefika mwezi Julai 1960, alimwona sokwe akichomeka kijiti katika kichuguu ili atoe mchwa na kuwala. Hadi wakati huo wengi waliamini kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza na kutumia zana.

Kitabu cha herufi bilioni tatu

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna vinasaba, yaani DNA, ambavyo tunaweza kuvifananisha na kitabu cha maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Kitabu hicho kimeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, na kile cha binadamu kina herufi zipatazo bilioni 3. Sehemu ya kitabu inayobeba maelekezo ya kazi fulani, kwa mfano kutengeneza protini ya damu, huitwa jeni. Kitabu kizima kimegawanywa katika mafungu yaitwayo kromosomu.

Mwaka 2005 wataalamu walichapisha usomaji wa kwanza wa vinasaba vya sokwe mtu na kuvilinganisha na vya binadamu. Walipoziweka sambamba sehemu zinazolingana, walikuta tofauti za herufi mojamoja zipatazo milioni 35, yaani asilimia 1.2 hivi. Hapo ndipo lilipotoka neno linalosikika mara nyingi kwamba tunafanana na sokwe kwa asilimia 98 au 99. Zaidi ya hizo, kulikuwa na mahali papatapo milioni 5 ambapo upande mmoja una kipande ambacho upande mwingine hauna.

Teknolojia ilipokua, kazi hiyo ilikamilishwa. Mwaka 2025 ulichapishwa usomaji kamili wa vinasaba vya sokwe wa aina mbalimbali, tangu mwanzo hadi mwisho wa kila kromosomu. Ilionekana kwamba sehemu kubwa, kati ya asilimia 12 na 27 kutegemea aina wanaolinganishwa, haiwezi kupangwa sambamba kwa urahisi kwa sababu vipande vimerudiwa, vimehamishwa au vimebadilika upesi. Baadhi ya watu wameshangilia habari hiyo wakidhani kwamba imeangusha nadharia ya mageuko. Sivyo. Hesabu ya asilimia hubadilika kutegemea unachohesabu. Ukilinganisha nakala mbili za kitabu kimoja, unaweza kuhesabu maneno yaliyobadilika, au ukahesabu pia kurasa zilizonakiliwa mara mbili. Majibu mawili yatatofautiana, lakini yote mawili yatakuonyesha kwamba nakala hizo zina asili moja.

Kuna ushahidi mwingine ulio rahisi kuueleza. Binadamu ana kromosomu 46, na sokwe ana 48. Kama wana asili moja, jozi moja imekwenda wapi? Jibu limeandikwa katika kromosomu ya pili ya binadamu. Kila kromosomu ina alama maalumu kwenye ncha zake, lakini kromosomu yetu ya pili ina mabaki ya alama za ncha katikati yake, mahali ambapo ncha hazipaswi kuwapo. Tena mpangilio wake unalingana na kromosomu mbili za sokwe zilizounganishwa, kama vipande viwili vya kamba vilivyofungwa fundo. Mahali pa fundo hilo palitambuliwa na kuelezwa mwaka 1991.

Mageuko tunayoyashuhudia wenyewe

Mtu anaweza kusema kwamba mambo ya mamilioni ya miaka hayamhusu. Basi tuangalie yaliyotokea machoni petu. Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu iliyotibu malaria kwa miaka mingi. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea wengi walikuwa sugu. Vimelea wachache waliokuwa na badiliko la jeni lililowawezesha kuistahimili dawa waliponea, wakazaliana, na wale waliokuwa dhaifu wakatoweka. Huo ndio uteuzi asilia, moyo wa nadharia aliyoitoa Charles Darwin mwaka 1859. Mfugaji wa Kisukuma anayechagua dume la kupandisha anafanya jambo la namna hiyo kwa makusudi, ila katika uteuzi asilia mazingira ndiyo huchuja.

Mfano wa pili umo katika damu yetu. Ugonjwa wa selimundu, unaozisumbua familia nyingi za Kanda ya Ziwa, husababishwa na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya damu. Herufi moja kati ya bilioni 3! Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili hupata maumivu makali na upungufu wa damu. Lakini aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu huwa mzima kwa kawaida, na zaidi ya hayo hulindwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti Afrika Mashariki, ndiye aliyeuonyesha uhusiano huo mwaka 1954. Jeni hiyo imedumu kwa wingi mahali penye malaria kwa sababu iliwaokoa wengi, ingawa iliwatesa baadhi.

Mfano huo una somo jingine. Ikiwa herufi moja yaweza kuleta uhai au mauti, basi asilimia peke yake haitoshi kupima ukubwa wa tofauti kati ya viumbe viwili. Mtu anayesema, "Tunafanana kwa asilimia 98, kwa hiyo binadamu ni sokwe tu," ametoka kwenye hesabu na kuingia kwenye falsafa bila kubisha hodi.

Nyayo za majirani zetu

Turudi Ngorongoro. Mwezi Julai 1959 Mary Leakey aliligundua Olduvai fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Wataalamu wa leo huona kwamba kiumbe huyo hakuwa babu yetu wa moja kwa moja, bali tawi la pembeni lililokauka. Mwaka 1978 timu ya mama huyohuyo ilifukua Laetoli nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Na mwaka 2016 watafiti, akiwemo Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza nyayo nyingine zilizopatikana jirani na hizo.

Je, waliotembea Laetoli walimjua Mungu? Je, walisali, walitubu, waliahidiana? Unyayo unaweza kutuambia uzito na urefu wa aliyepita, lakini hauwezi kutuambia alikuwa nani mbele za Muumba wake. Hapo ndipo sayansi inapofikia mpaka wake, na mwanasayansi mwaminifu anaukubali mpaka huo.

Kanisa linafundisha nini?

Wengi hudhani kwamba Kanisa Katoliki limepiga marufuku nadharia ya mageuko. Si kweli. Tarehe 12 Agosti 1950, Papa Pio XII katika waraka wake *Humani Generis* alifundisha kwamba wataalamu wanaruhusiwa kuchunguza kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe hai vilivyotangulia. Lakini aliweka sharti: roho ya kila binadamu inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996, Mtakatifu Yohane Paulo II aliiandikia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi akikiri kwamba maarifa mapya yameifanya nadharia hiyo isiwe tena dhana tu. Aliongeza kwamba nadharia yoyote inayoiona roho kuwa zao la maada haiwezi kupatana na ukweli juu ya mtu. Papa Benedikto XVI, katika Misa ya kuanza utume wake tarehe 24 Aprili 2005, alikumbusha kwamba sisi si matokeo ya bahati nasibu yasiyo na maana, bali kila mmoja wetu ametakwa na kupendwa na Mungu. Naye Papa Fransisko, tarehe 27 Oktoba 2014, alieleza kwamba mageuko hayapingani na uumbaji, kwa maana hakuna kinachoweza kugeuka na kukua kama hakijaumbwa kwanza.

Na Maandiko Matakatifu je? Mtaguso wa Pili wa Vatikano unatufundisha kuzingatia mitindo ya uandishi iliyotumiwa na waandishi watakatifu. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia uumbaji mara mbili, katika sura ya kwanza na ya pili, kwa utaratibu usiofanana. Katika sura ya kwanza mtu huumbwa baada ya wanyama. Katika ya pili mwanamume huumbwa kabla yao. Mwandishi mtakatifu hakuwa anaandika kitabu cha Biolojia. Alitaka tujue kwamba Mungu ni mmoja, kwamba vyote vyatoka kwake na ni vyema, kwamba mtu ni mavumbi na pumzi ya Mungu kwa pamoja, na kwamba dhambi haikutoka kwa Mungu. Mtakatifu Agustino, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alikwisha kuwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya mambo ya asili kwa jina la Maandiko, wasije wakaifanya imani ichekwe na watu wenye ujuzi.

Hatutaficha kwamba lipo jambo gumu. Wataalamu wa jenetikia hukadiria kwamba mababu zetu wa kale walikuwa kundi la maelfu, wala si watu wawili peke yao. Papa Pio XII alionya kwamba haikuonekana jinsi fundisho la namna hiyo linavyoweza kupatana na mafundisho juu ya dhambi ya asili. Wanateolojia wanaendelea kulitafakari suala hili kwa unyenyekevu. Kanisa linashikilia yaliyo ya msingi: kwamba wanadamu wote ni familia moja, kwamba mwanzoni kabisa mtu alitumia vibaya uhuru wake na kumwasi Mungu, na kwamba sisi sote tunamhitaji Kristo Mkombozi. Mkristo anaweza kuyasadiki hayo kwa moyo wote huku akisubiri maelezo zaidi.

Mtawa na mbegu za njegere

Inafaa vijana wetu wajue pia kwamba sayansi ya urithi ilianzishwa na mtawa. Gregor Mendel, padre wa Shirika la Mtakatifu Agustino katika mji wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri kwa miaka mingi, akizihesabu kwa uvumilivu. Mwaka 1866 alichapisha matokeo yake. Aligundua kwamba sifa fulani yaweza kujificha katika wazazi na kujitokeza kwa watoto, kwa uwiano wa moja kwa nne.

Uwiano huo si habari ya njegere tu. Wazazi wawili wenye afya, lakini kila mmoja amebeba jeni ya selimundu, wana uwezekano wa moja kwa nne katika kila ujauzito wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huo. Hali kadhalika wazazi wawili wenye ngozi nyeusi wanaweza kumzaa mtoto mwenye ualbino, ikiwa wote wawili wamebeba jeni yake. Katika Afrika yetu, ualbino mara nyingi husababishwa na kukosekana kwa kipande cha herufi zipatazo 2,700 katika jeni moja. Baba anayemfukuza mkewe kwa madai kwamba mtoto huyo ni laana, au si wake, anapaswa kujua kwamba jeni hiyo imetoka pia kwake.

Kwa nini jambo hili ni la uzima na mauti

Wapendwa, Kanda yetu ya Ziwa imetokwa na machozi mengi. Watu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani za kishirikina na tamaa ya mali. Waliowaua waliwahesabu kuwa si watu. Huo ndio mzizi wa uovu: kumwangalia mtu kwa rangi, kwa umbo au kwa damu yake, kisha kuamua kwamba utu wake umepungua.

Uovu huohuo umewahi kuvaa joho la sayansi. Mwezi Septemba 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, kijana kutoka Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika banda la sokwe pamoja na orangutani ili watu wamtazame. Walioona hayo kuwa sawa walidhani kwamba nadharia ya mageuko inawaweka Waafrika karibu zaidi na wanyama. Wachungaji wa Wamarekani weusi walipaza sauti hadi akaondolewa, lakini jeraha lake halikupona, na mwaka 1916 aliyakatiza maisha yake mwenyewe.

Vinasaba vyenyewe vimewaumbua wenye mawazo hayo. Watu wawili wowote duniani, Msukuma na Mzungu, Mchina na Mhadzabe, hutofautiana kwa takriban herufi moja tu katika kila elfu. Na tofauti nyingi zaidi za kijenetikia zinapatikana ndani ya Afrika, kwa sababu hapa ndipo binadamu alipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Sayansi ikisomwa vizuri inathibitisha kile ambacho Kanisa limekihubiri daima: tu ndugu.

Hata hivyo, heshima yetu haitegemei hesabu hiyo. Hata kama maabara ingegundua kesho kwamba tunakaribiana zaidi na sokwe, au tuko mbali zaidi, utu wa mtoto wa Lalago usingeongezeka wala kupungua hata chembe. Sura ya Mungu ndani yetu haikuandikwa kwa herufi nne za DNA. Inaonekana katika uwezo wetu wa kujua ukweli, kuchagua mema, kupenda bila kudai malipo, na kumwita Mungu Baba.

Tufanye nini?

Tunawaomba wazazi wasiwatishe watoto wanaouliza. Mseme kwa unyofu: "Mwanangu, mwalimu wako anakueleza jinsi mwili ulivyokuja; Kanisa linakueleza kwa nini upo na unakwenda wapi." Makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo wanaweza kulipatia suala hili nafasi katika mafundisho ya Kipaimara, wakisoma sura za mwanzo za Biblia pamoja na Katekisimu ya Kanisa Katoliki. Wachumba wanaojiandaa kwa Ndoa tunawahimiza wapime selimundu mapema. Lengo la kipimo hicho ni kuwasaidia kujiandaa kuupokea na kuutunza uhai, kisitumiwe kudharauliana. Na familia yenye mtoto mwenye ualbino isiachwe peke yake: jumuiya imtembelee, imlinde, imnunulie kofia na mafuta ya kumkinga na jua.

Nanyi vijana mnaopenda Biolojia, someni kwa bidii. Ukweli haupingani na ukweli, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja. Mkiyachunguza mavumbi ambayo Mungu alituumba kwayo, msiisahau pumzi aliyoitia ndani yake.

Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na nchi, atujalie akili zinazotafuta na mioyo inayoabudu. Amina.